Mtambo Unaojua Kusimama

Na Mhazini wa Chama

Mwaka huu nimewaachia wenzangu mashairi, vitendawili na visa vya mapenzi, manake kuna jambo ambalo sijaliona katika kurasa hizi tangu nijiunge na chama. Nalo ni hili: mitambo ya viwandani inayojiendesha yenyewe hubuniwa na kujengwa vipi?

Msinicheke. Najua wapo watakaosema mambo ya vyuma tuwaachie wale wa chama cha sayansi na Kimombo chao. Kwani mafundi wa jua kali pale Kamukunji huelewana kwa lugha gani wakigonga mabati?

Tena nina sababu yangu. Mama yangu mdogo hufanya kazi katika kiwanda cha mafuta ya kupikia huko Nairobi. Zamani walikuwa wanawake 14 wakijaza chupa kwa mikono. Mtambo ulipoletwa wakabaki 5, naye ni mmoja wa hao 5. Wale 9 walipewa bahasha wakaambiwa kwaheri ya kuonana. Nilitaka kujua ni kitu gani hicho kinachoweza kufanya kazi ya watu 9, na kwa nini hakikuweza kufanya ya wote 14. Aliyenifungua macho ni binamu yangu, fundi wa mitambo katika kiwanda kingine kabisa. Likizo iliyopita alinichorea kila kitu kwa kijiti mchangani huku akinikatiza kila nilipodhani nimeelewa.

Mtu akikuagiza umtengenezee mtambo wa kujaza chupa, alisema, usikimbilie kununua mota. Chukua saa na penseli, uketi umtazame mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mikono. Utaona kwamba huokota chupa, huitazama kama ina ufa, huiweka chini ya bomba, hufungua bomba, huangalia mafuta yakipanda hadi alama, hufunga bomba, hupangusa tone, kisha huisukuma kwa mwenzake. Hivyo ni vitendo 8. Vinane vyote twasema ni kazi ya mikono, lakini viwili ni vya macho! Hivyo viwili ndivyo vinavyomtoa mbunifu jasho.

Halafu huja hesabu, tena za shule ya msingi. Tuseme tajiri anataka chupa 60 kwa dakika, yaani moja kila sekunde. Mafuta ni mazito. Kujaza chupa moja huchukua sekunde 8, na kuingiza na kutoa chupa sekunde 4. Jumla ni 12. Basi bomba moja halitoshi ng'o. Yahitajika mabomba 12 yanayojaza kwa pamoja, chupa 12 kila baada ya sekunde 12. Hapo ndipo ukubwa wa mtambo unapopatikana, kabla hata chuma cha kwanza hakijakatwa.

Viungo vya mtambo si vigeni sana. Kuna mkanda mrefu unaozungushwa na mota ili ubebe chupa. Kuna mikono ya kusukuma, kuzuia na kuteremsha, ambayo mingi huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Kompresa, dada ya ile ya kujaza hewa magurudumu, huipeleka hewa hiyo kwenye silinda. Ndani mna pistoni. Hewa ikiingia upande huu pistoni huchomoka, ikiingia upande ule hurudi. Vali ndogo ya umeme ndiyo hufungua njia. Umewahi kuchezea bomba la sindano? Ni mambo yale yale.

Kisha macho. Vitabu huyaita vihisio. Mafundi husema sensa, na si ile ya kuhesabu watu. Moja hutuma mwale wa mwanga ng'ambo ya mkanda, chupa ikipita mwale hukatika, na kila unapokatika huhesabiwa chupa moja. Nyingine hukaa kwenye ncha za silinda ili ijulikane kama mkono kweli umefika au bado.

Sasa sikilizeni vizuri. Mimi nilidhani mtambo huambiwa hivi: teremsha mabomba, ngoja sekunde moja, anza kujaza. Binamu alicheka hadi akashika mbavu. Ukiuamuru kwa saa peke yake, siku bomba litakapokwama njiani utaendelea kumwaga mafuta juu ya vifuniko, juu ya mkanda na juu ya viatu vya watu. Kila hatua lazima ingoje ushahidi wa hatua iliyotangulia. Jicho limeona chupa 12? Ndiyo, funga mlango. Mlango umefungika? Ndiyo, teremsha mabomba. Yamefika chini? Ndiyo, jaza. Na kama jibu la ndiyo halikuja kwa muda uliowekwa, simama, washa taa nyekundu, ita mtu. Aliniambia kwamba maagizo ya kuufanya mtambo uende huandikwa upesi. Yanayokula siku na usiku ni yale ya "je, kama": je, kama chupa imeanguka, kama hewa imepungua, kama stima imepotea katikati ya kujaza, halafu ikarudi ghafla mtu akiwa ameingiza mkono?

Fikra hii ya mashine kujisimamisha ina historia tamu. Huko Japani palikuwa na mwana wa seremala aliyeitwa Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka wa 1867, akatumia maisha yake kuboresha mashine za kufuma nguo. Kitambaa, kama mjuavyo, kina nyuzi za urefu, yaani mtande, na nyuzi za upana, yaani mshindio. Uzi mmoja wa mtande ukikatika na mashine ikaendelea, kitambaa chote kinachofuata huwa na kasoro. Kwa hiyo ilibidi mtu akodoe macho kutwa nzima. Sasa basi, ukitundika kipande chembamba cha chuma kwenye kila uzi, uzi ukikatika kile kipande hukosa cha kukishikilia, kikaanguka, na kuanguka kwake kukasimamisha mashine. Hakuna kompyuta wala umeme wa ajabu hapo; uzito tu. Mwaka wa 1924 Toyoda alikamilisha mashine iliyobadilisha uzi wa upana bila kusimama, na iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika. Mfanyakazi mmoja akaweza kuangalia mashine 30 na zaidi. Mwaka wa 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyoanzisha viwanda vya nguo, ilinunua haki ya kuitengeneza. Mwanawe Toyoda, aitwaye Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kazi ya magari. Naam, ndizo hizo Toyota zinazotupita barabarani kila asubuhi.

Binamu alinionyesha kwamba ujanja ule wa uzi ungali hai katika kila mtambo mzuri. Tazameni kile kitufe kikubwa chekundu cha kusimamishia mashine kwa dharura. Wengi hudhani ukikibonyeza unapeleka umeme. Sivyo hata kidogo! Umeme hupita ndani yake wakati wote mashine inapofanya kazi, na ukikibonyeza unaukata. Kwa nini kinyumenyume hivi? Kwa sababu panya akitafuna waya, mashine husimama. Ungalifanywa kwa njia ile nyingine, panya angetafuna waya na hakuna ambaye angejua mpaka siku mtu anapopiga kitufe akipiga mayowe, na mashine isimsikie. Malori makubwa na mabasi yana fikra hiyo hiyo: springi ndiyo hushika breki za kuegesha, na upepo kazi yake ni kuziachilia. Upepo ukiisha, gari hujifunga pale pale. Mkiona lori limekwama kando ya barabara ya Mombasa na dereva anasema upepo umetoroka, jueni huenda breki zimefanya kazi iliyokusudiwa.

Maagizo yenyewe hukaa wapi? Zamani yalikaa katika relei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Kabati moja liliweza kujaa mamia yake, na kubadilisha hatua moja ya kazi kulimaanisha kufungua na kufunga nyaya upya kwa siku kadhaa. Mwaka wa 1968 General Motors ya Marekani, iliyochoshwa na kabati hizo, ilitafuta kitu cha badala. Kundi la wahandisi akiwamo Dick Morley likabuni kompyuta ngumu ya kiwandani iliyoitwa Modicon 084, kwa sababu ulikuwa mradi wao wa 84. Wazao wake wamejaa viwandani hadi leo, na mafundi wetu huwaita PLC. Maagizo yao mara nyingi huchorwa mithili ya ngazi, ili hata fundi wa nyaya asiyejua tarakilishi aweze kuyasoma. Huo naona ndio uungwana: kumbuni mgeni kwa namna ambayo mwenyeji hatamkimbia.

Lakini si wabunifu wote waungwana. Katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, mlango wa mtambo ulikuwa na swichi; ukiufungua, kila kitu husimama. Vizuri. Ila chupa zilikwama pale kila baada ya dakika chache, na kila ukifungua mlango ilibidi kuanza mzunguko wote upya. Msimamizi alidai idadi yake ya chupa. Wafanyakazi wakaifunga ile swichi kwa kipande cha waya ili mtambo uendelee mlango ukiwa wazi. Jirani yetu mmoja aliacha vidole 2 humo. Watu walisema ni uzembe wake. Mimi nasema mtambo unaosimama ovyo ovyo huwafunza watu kuudanganya, na aliyeuchora alipaswa kujua hivyo kabla ya kununua bolti ya kwanza. Kama chupa zinakwama, rekebisha njia ya chupa!

Tuje kwa lile swali la kazi. Ni kweli mitambo hula kazi za watu, tusidanganyane. Mwezi wa Mei 2023 waandamanaji kule Kericho walichoma moto mashine za kuchuma majani chai, na ukisikia hasira yao huwezi kusema hawana sababu. Lakini angalieni tofauti ya kazi. Mchumaji mzuri huchagua majani mawili na chipukizi; mashine hukata kila kilichofikia urefu wa kisu chake. Na nendeni Athi River, kwenye viwanda vya nguo za kuuzwa nje: hadi leo maelfu ya watu wameketi wakishona. Kwa nini? Chupa ni ngumu, umbo lake halibadiliki, mkono wa chuma waweza kuifuata ukiwa umefumba macho. Kitambaa hujikunja, huteleza, hunyooka kikivutwa. Kidole cha binadamu hukisahihisha bila hata mwenyewe kufikiri, na kulijenga hilo kwa chuma ni kazi ngumu mno.

Ndiyo maana katika wale 14 walibaki 5. Mmoja hulisha chupa, wawili hupakia katoni, mmoja hupita na kitambaa na mafuta ya beringi. Mama mdogo yeye hukaa mwisho wa mkanda, nyuma yake taa nyeupe, akitafuta ufa, uchafu na vifuniko vilivyopinda. Ndiyo kazi yao ile ya macho. Ameniambia kamera ya kuifanya kazi hiyo tayari imeagizwa. Amejiandikisha masomo ya jioni ya umeme, na analalamika kwamba hesabu za huko ni ngumu kuliko za chama cha akiba.

Kwa wanaotaka kujaribu, mimi na wenzangu wawili tumejenga kamtambo kadogo juu ya ubao. Kuna balbu, kipande cha kuhisi mwanga ambacho hupitisha umeme zaidi kikimulikwa, transista, relei moja na kamota kanakovuta mkanda wa mpira wa baiskeli. Mwanga ukifika, relei hushika na mkanda huenda. Weka kizibo cha soda katikati ya mwanga, mkanda husimama. Chomoa waya, husimama. Balbu ikiungua pia husimama, na hilo ndilo lililotuchukua wiki mbili, maana mara ya kwanza tuliipanga kinyume. Kapo katika maabara ya fizikia kila Jumatano baada ya michezo. Mje na betri zenu, za chama zimeisha.