Idadi ya Marejeo na Athari: Kipimo cha Kazi ya Mtaalamu, kwa Mfano wa Pamba ya Bariadi

Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi kazi ya mtaalamu wa sayansi ipimwavyo, na kuonyesha kwamba jambo hilo latuhusu sisi wenye kushughulika na lugha. Mfano wetu ni elimu ya epijenetiki, na pamba, zao kuu la biashara katika Bariadi na Mkoa wa Simiyu kwa jumla.

Jina la elimu hiyo lilitungwa na Bwana Conrad Waddington wa Uingereza mwaka 1942. Maana yake ya leo yafahamika kwa mfano wa Kiswahili kiandikwacho kwa herufi za Kiarabu. Herufi za neno hubaki zile zile, lakini irabu zikibadilika, matamshi nayo hubadilika. Na herufi iliyotiwa sukuni hukosa irabu. Ndivyo ilivyo katika chembe hai. Mpangilio wa jeni haubadiliki, ila alama ndogo za kikemikali, ziitwazo methili, hubandikwa juu yake, na mara nyingi jeni iliyobandikwa hunyamaza. Tofauti ni hii: irabu hutiwa na mwandishi, na methili hutiwa na chembe yenyewe, tena katika mimea baadhi ya alama hizo hurithiwa.

Mwaka 2017 Bwana Z. Jeffrey Chen wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya pamba. Waliona jeni zaidi ya 500 ambazo alama zake zimehitilafiana baina ya pamba ya mwitu na ile ya kulimwa. Katika pamba ya mwitu, ambayo huchanua siku zikiwa fupi, jeni iitwayo COL2D imenyamazishwa na methili. Katika pamba ya kulimwa alama hizo zimeondoka, jeni yafanya kazi, na mmea huchanua hata siku zikiwa ndefu. Bariadi i karibu na Ikweta, na urefu wa siku haubadiliki sana. Lakini pamba ya huko ni ya jamii iyo hiyo, na mkulima hupanda historia hiyo bila ya kusimuliwa.

Sasa tutazame kipimo. Mwaka 1964 Bwana Eugene Garfield wa Marekani alianza kutoa faharasa ionyeshayo ni makala gani yametajwa na makala gani. Mwaka 2005 Bwana Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia, alitoa kipimo kiitwacho h. Mtaalamu mwenye h ya 20 ni yule ambaye makala yake 20 yametajwa kila moja mara 20 au zaidi.

Hapa ndipo maneno yatakapo uangalifu. Kutaja ni kutamka jina tu. Kunukuu ni kuchukua maneno yenyewe. Kurejelea ni kumwelekeza msomaji kwenye chanzo. Kinachohesabiwa na faharasa ni hili la tatu. Ama athari, kwa asili yake, ni alama ibakiayo katika kitu kilichoguswa. Basi kuita hesabu ya marejeo athari ni kudai jambo ambalo hesabu haikulipima.

Madhara yake si madogo. Makala yaweza kurejelewa mara 1,000 na yasifike Bariadi hata kwa neno moja; na bwana shamba amwelezaye mkulima kwa Kiswahili, au mfasiri amtungiaye istilahi, hapati hata alama moja katika hesabu hiyo. Mhadhiri atafutaye cheo huona faida ya kuandika kwa Kiingereza, na istilahi zetu hubaki nyuma. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, yaani miaka 27 kabla ya uchunguzi huo wa pamba.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba hesabu ile iitwe idadi ya marejeo, na neno athari liwekwe kwa mabadiliko yaonekanayo nje ya majarida. Vyuo vyetu navyo, vipimapo kazi ya mtaalamu, havina budi kuhesabu pia maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya wale wanaolima.