Maumivu ya ubavuni: je, ni mawe kwenye figo?

Maumivu ya mawe kwenye figo huja ghafla. Jioni mtu alikuwa mzima, usiku anagaagaa mkekani, hawezi kulala wala kuketi. Jirani mmoja atasema ni mgongo, mwingine ni kichocho, wa tatu atasema amerogwa. Ili kujua ukweli, mkojo lazima upimwe.

Mawe hutokana na nini?

Figo ni mbili, kila moja kama ngumi, nazo ziko nyuma chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Maji yakipungua mwilini, mkojo huwa mzito, na chumvichumvi zilizomo hugandana kuwa punje, kisha jiwe. Walio katika hatari zaidi ni wanaofanya kazi juani na kunywa maji kidogo, hasa miezi ya joto, Septemba hadi Novemba. Kula chumvi nyingi, maambukizi ya mara kwa mara ya njia ya mkojo na kuwa na ndugu aliyewahi kupata mawe pia huongeza hatari.

Mchanga ulio katika mchele au mboga si chanzo. Huo hutoka kwa njia ya choo, haufiki kwenye figo.

Dalili

- Maumivu makali ubavuni yanayoshuka hadi kinenani, yakija na kupungua.
- Kichefuchefu na kutapika.
- Mkojo mwekundu au wa rangi ya chai.
- Kukojoa mara kwa mara, au kwa maumivu.

Si kila damu ni jiwe

Hapa Malawi kichocho kipo sana. Huambukizwa kwa kuingia katika maji ya ziwa, mito au mabwawa yenye konokono, nacho pia huleta damu kwenye mkojo. Dawa yake ni prazikwanteli. Kisipotibiwa huweza kuharibu kibofu na figo. Anayenunua vidonge vya maumivu sokoni bila kupimwa huenda akatuliza maumivu huku ugonjwa ukiendelea.

Vipimo

Mhudumu wa afya atakuuliza maswali na kupima mkojo: damu, maambukizi na mayai ya kichocho. Mayai huonekana vizuri zaidi katika mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mwenye homa hupimwa malaria pia. Mwanamke huweza kupimwa ujauzito. Jiwe lenyewe huonekana kwa ultrasaundi au picha ya eksirei, ingawa mawe mengine hayaonekani kwa eksirei. Ukihitaji uchunguzi zaidi, utapewa rufaa. Hospitali kuu ya rufaa ya Kanda ya Kati ni Kamuzu Central Hospital, Lilongwe.

Ukikosa mkalimani, kumbuka Chichewa hiki: figo ni impso, mkojo ni mkodzo, damu ni magazi, kichocho ni likodzo.

Usingoje kesho

Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, ikiwa maumivu yameambatana na homa au kutetemeka, mkojo umeziba, unatapika kila kitu, au una mimba. Jiwe lililoziba pamoja na maambukizi huweza kuua.

Mawe madogo mengi hutoka yenyewe. Kojoa kupitia kitambaa safi, na jiwe likitoka lilete kituoni.

Tunajua foleni ya bomba ni ndefu. Hata hivyo, katika kila ndoo tenga kwanza maji safi ya kunywa. Mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu, maji yanatosha.