Mizani Nayo Hupimwa

  Leo tutasoma habari za kitu mnachokijua sana, yaani mizani ya ghalani. Mwalimu na aandike ubaoni maneno haya matatu: mizani, jiwe la kupimia, uhakiki.

Mizani hupima korosho na ufuta. Je, mizani yenyewe hupimwa na nini?

Tufanye hesabu kwanza. Tuseme una magunia 20 ya korosho, na kila gunia lina kilo 50. Jumla ni kilo 1,000. Mizani mbovu inaonyesha kilo 49 kwa kila gunia. Basi umepoteza kilo 20. Kama bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, umepoteza shilingi 40,000, na hukuona mwizi.

Lakini si kila mizani mbovu ni ya mdanganyifu. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Vumbi huingia ndani. Mizani ikichukuliwa kwa lori, hutikiswa njiani. Tena, mizani nyingine huzidisha. Hapo mkulima hufurahi. Lakini mzigo ukipimwa mara ya pili katika ghala kubwa, kilo hazitimii, na karani wa chama cha ushirika huitwa mwizi bure. Kwa hiyo mizani ya kweli humlinda muuzaji, karani na mnunuzi.

Sasa tutazame uhakiki. Mkaguzi huja na mawe ya kupimia, ambayo uzito wake unajulikana kwa hakika. Kwanza huweka mizani mahali palipo sawa. Pili hutazama kama mizani tupu inaonyesha sifuri. Tatu huweka mawe kidogo kidogo, kilo 20, kilo 40, mpaka mzigo mkubwa, kisha huyapunguza vile vile. Maana mizani yenye kutu yaweza kusema kweli wakati wa kupanda na kukosea wakati wa kushuka. Nne huweka jiwe lile lile katika kila pembe ya sahani. Pembe zote lazima zitoe jibu moja. Mizani ikikosea, fundi huirekebisha, kisha hupimwa tena tangu mwanzo. Ikifaulu, hutiwa alama.

Labda mtauliza, "Na mawe ya mkaguzi hupimwa na nani?" Swali zuri. Nayo hulinganishwa na mawe bora zaidi, na hayo na kipimo cha taifa, na cha taifa na kipimo cha dunia. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa huko Sèvres, Ufaransa. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande hicho, bali hesabu za maumbile zisizobadilika. Wazee wetu walipima kwa pishi na frasila, lakini frasila ya mji mmoja iliweza kutofautiana na ya mji mwingine. Kilo ya Kilwa Masoko na kilo ya Ufaransa ni moja.

Katika Tanzania kazi hii ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Kabla ya kuuza, tazama alama ya ukaguzi na usome mwaka wake. Hii ni faida moja ya kujua kusoma.

Wewe mwenyewe waweza kugundua kosa kubwa. Pima dumu tupu. Litie lita 20 za maji ya kisima, upime tena. Maji yenyewe yawe karibu kilo 20. Usitumie maji ya bahari, kwa kuwa ni mazito zaidi. Jaribio hili si la kisheria; mizani ikikupa shaka, mwite mkaguzi, usianze ugomvi.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini mawe huwekwa katika kila pembe ya sahani?
2. Mizani ikizidisha, nani hupata hasara?
3. Magunia 30 yakipungua kilo 1 kila moja, na bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, hasara ni shilingi ngapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.