Ukumbi Usio na Bendera

Jumapili ya Novemba 2, 2014, Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mdahalo kuhusu Katiba Inayopendekezwa pale Ubungo Plaza, Dar es Salaam. Mzungumzaji aliyesubiriwa zaidi alikuwa Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa ameongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Jaji hakuachwa amalize maelezo yake. Mabango yaliinuliwa, kelele zikapanda, viti vikarushwa, na mdahalo ukavunjika mbele ya kamera. Bunge Maalumu lilikuwa limeipitisha Katiba ile mwezi mmoja tu kabla, Oktoba 2. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30 mwaka uliofuata haikufanyika.

Siku zile gumzo mitaani lilikuwa nani alimpiga nani. Mimi liliniuma jambo jingine. Waliokwenda Ubungo na maswali yao walirudi nayo nyumbani. Rasimu ya Tume ilipendekeza muungano wa serikali tatu. Katiba Inayopendekezwa ikarudi kwenye mbili. Mwananchi alistahili kuzisikia hoja za pande zote mbili zikipambanishwa siku moja, ukumbi mmoja, nakala zote mbili zikiwa mezani, na mtu wa kumwambia msemaji kwamba ibara anayoitaja haisemi hivyo. Nafasi hiyo ndiyo iliyovunjwa pamoja na viti.

Watu husikia “jukwaa lisilofungamana na chama” wakadhani ni jukwaa la watu wasio na vyama, au la wasomi walioamua kutokuwa na msimamo. Sivyo. Mwana-CCM aje, mwana-Chadema aje, wa ACT-Wazalendo na CUF waje, na asiye na kadi yoyote apewe kiti kama wenzake. Vinavyobaki nje ni kofia, fulana na wimbo. Vikishaingia ndani, mtu haulizwi tena anasema nini. Anaulizwa ni wa nani. Mkutano wa hadhara wa chama una kazi yake halali ya kutafuta kura, na pale hakuna anayetegemea msemaji akiri kuwa mpinzani wake ana hoja nzuri kuhusu pembejeo au mikopo ya elimu ya juu. Lazima pawepo mahali pengine ambapo kukiri hivyo hakumgharimu mtu cheo chake.

Historia yetu inatoa mfano mmoja ambao haufundishwi ipasavyo. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke nchi nzima kuuliza wananchi kama tubaki na chama kimoja au twende kwenye vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kama kazi ingekuwa kuhesabu mikono, ingeishia hapo. Tume ilisikiliza zaidi ya hesabu. Wengi wa wale asilimia 80 walitaja malalamiko na mageuzi mengi kiasi kwamba chama kimoja kama kilivyozoeleka kisingeweza kuyabeba. Na wale asilimia 20 walikuwa na sababu ambazo hazikupungua uzito kwa uchache wao. Tume ikapendekeza vyama vingi, ikaorodhesha sheria 40 ilizoona zinakandamiza haki, ikataka pia wananchi wapewe elimu ya uraia. Julai 1, 1992 mfumo wa vyama vingi ukaanza kisheria. Elimu ya uraia ilibaki nyuma, na sheria nyingi kati ya zile 40 zilikaa miaka mingi bila kuguswa. Tulipokea vyama kabla ya kujenga mahali pa kuvihoji.

Ukitaka kuona jinsi mahali kama hapo panavyoweza kuzaliwa bila amri ya mtu, vuka ziwa uende Kampala. Mwaka 2000, Radio One ilianza kurusha moja kwa moja mjadala kutoka Club Obbligato, ukumbi wa burudani uliojulikana zaidi kwa muziki. Mjadala ule uliitwa Ekimeeza, yaani meza kubwa kwa Kiganda. Jumamosi mchana watu walikaa na vinywaji vyao, wakaandikisha majina, na kila mmoja akapewa dakika chache mbele ya kipaza sauti. Mada ilitangazwa. Mwenyekiti alishika saa. Mbunge na fundi wa magari walipanga foleni ileile na kukatizwa kwa kengele ileile. Baada ya muda vituo vingine viliiga. Kituo cha CBS kiliendesha mjadala wake kwa Kiganda, na hata jina lake tungelielewa hapa: Mambo Bado.

Ebimeeza, kama zilivyoitwa zilipokuwa nyingi, hazikuwa tukufu. Vyama viligundua upesi kwamba msemaji hodari hewani ana thamani, vikaanza kupeleka vijana wao. Wapo waliozungumza ili waonekane na wakubwa, na wapo waliopata vyeo kwa njia hiyo. Bado desturi ya orodha, saa na zamu iliwabana wote. Ukitaka kumjibu mwenzako ulilazimika kwanza kumsikiliza hadi mwisho, na wiki iliyofuata ulikuwepo naye tena.

Serikali haikuzipenda. Septemba 2009, Kabaka wa Buganda alipozuiwa kwenda Kayunga, Kampala iliwaka moto na watu wakauawa. CBS ilifungwa kwa takriban mwaka mzima, na mijadala ya hewani inayofanyiwa nje ya studio ikapigwa marufuku. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mijadala ile inachochea. Siikubali hoja hiyo. Watu waliokuwa na mahali pa kubishana kila Jumamosi chini ya mwenyekiti walinyang'anywa mwenyekiti. Ubishi haukuisha, ulibaki bila kengele. Ebimeeza hazikurudi tena katika sura ile.

Nairobi nako kuna bustani ya Jeevanjee, aliyoitoa mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906 iwe ya watu wa mji. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuigeuza kuwa maegesho ya magari, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani mpaka ukashindwa. Leo wananchi wasio na ofisi wala mshahara wa siasa hukaa kwenye mabenchi ya bustani hiyo na kuendesha Bunge la Mwananchi, wakijadili bei ya unga, ufisadi na sheria zinazopitishwa kwenye lile bunge jingine mwendo mfupi kutoka pale. Ardhi ile ingeuzwa, mjadala ule ungekaa wapi? Tunapolalamika kwamba vijana hawajadili mambo ya maana, tuhesabu kwanza viwanja vya wazi tulivyoviacha vigeuzwe maduka.

Zanzibar ina baraza tangu nyumba zake zilipoanza kujengwa, na hakuna ajuaye kubishana kwa adabu kama Mzanzibari aliyekunywa kahawa. Lakini siasa za vyama ziliigawa hata baraza. Kuna maskani za chama hiki na vijiwe vya chama kile, na kila mtu anajua ni wapi asikae. Kisonge, pale Michenzani, hujulikana kuwa maskani ya CCM. Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, imezoeleka kuwa kituo cha wapinzani. Panapigwa gumzo kote kuwili, zuri na lenye taarifa, ila wa huku hamsikii wa kule. Ndiyo maana naipa uzito mkubwa kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambapo asilimia 66.4 ya wapiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Siku ile swali lililokuwa kwenye karatasi halikuwa na nembo ya chama, na watu wa mabaraza yote mawili waliweza kulijibu kwa namna moja.

Dar es Salaam haijakosa majukwaa. Chuo Kikuu kina Ukumbi wa Nkrumah, na kupitia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa mwaka 2008 Profesa Issa Shivji akiwa mshika kigoda wa kwanza, umma ulialikwa mlimani kusikiliza na kuuliza. Wole Soyinka alikuwa mgeni wa tamasha la mwaka 2009. Jukwaa la Sera limekuwa likifanya midahalo ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuanzia saa moja na nusu asubuhi, yenye mada nzito za bajeti, kodi na rasilimali. Naiheshimu kazi hiyo, lakini saa hiyo humfaa mtu wa ofisini. Mama ntilie ambaye mada ya kodi inamhusu sana, wakati huo ndio yuko kwenye chai na maandazi. Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP) kule Mabibo ulichagua njia nyingine: semina za kila Jumatano mchana, mlango wazi, kwa Kiswahili, ambapo mkazi wa Manzese au Mburahati husimama kuzungumzia maji ya mtaani kwake na kujibiwa kwa takwimu za bajeti ya wizara husika.

Kuhusu takwimu hizo, tumekuwa tukidanganyana kwamba wananchi hawapendi kusoma. Wizara ya Fedha hutoa toleo la bajeti kwa ajili ya wananchi, kijitabu chepesi cha Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kinachokosekana ni mtu wa kuzileta karatasi hizo mahali watu walipo, siku kadhaa kabla ya mjadala. Mchangiaji aliyesoma kurasa mbili huuliza tofauti kabisa na yule anayeletewa mada akiwa ameshakaa. Na hapa niseme wazi kuhusu posho: mkutano ambao watu huja kwa sababu ya bahasha utakufa siku bahasha itakapokwisha, na wakati huohuo utakuwa umewafundisha kwamba maoni yao ni kibarua.

Ila jukwaa kubwa kuliko yote haya tunalo tayari, na halihitaji mfadhili. Ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, awe na kadi ya chama au asiwe nayo, na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kuhusu sera na mambo ya jumla ya kijiji. Unatakiwa ukutane kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiiruhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Tuna vijiji zaidi ya 12,000. Hizo ni kumbi nyingi za kisheria za kujadili sera kwa mdomo, ana kwa ana, chini ya mwembe au ndani ya darasa la shule ya msingi.

Tatizo linajulikana kwa yeyote aliyehudhuria. Mwenyekiti anayeongoza mkutano ni yuleyule anayeongoza halmashauri inayotakiwa kujieleza, na hakupata kiti chake bila kudhaminiwa na chama. Akiulizwa fedha za mnada wa mazao zimekwenda wapi, swali humfikia yeye, chama chake na rafiki zake wa halmashauri kwa pamoja. Anayeuliza anaitwa mpinzani hata kama ana kadi ileile. Mwishowe watu hawaji, akidi haitimii, na eneo la malisho linagawiwa kwa muhtasari wenye sahihi za watu ambao hawakuwepo.

Napendekeza jambo moja dogo linaloweza kuandikwa kwenye kanuni bila kungoja katiba mpya. Siku ya kusoma mapato na matumizi, na siku ya kuamua kuhusu ardhi, mwenyekiti wa kijiji akae upande wa wanaojibu. Mkutano uchague mwenyekiti wa siku kutoka miongoni mwa wajumbe wasio na cheo katika halmashauri wala katika chama chochote: mwalimu mstaafu, muuguzi wa zahanati, mkulima anayeheshimika. Hesabu zibandikwe kwenye mbao za matangazo siku 7 kabla, kwa Kiswahili. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na kila atakayeona maneno yake yamepotoshwa aruhusiwe kuyasahihisha palepale, kabla sahihi ya kwanza haijawekwa.