Kukodi Kamera Bila Kumaliza Bajeti: Fanya Hesabu Hii Kabla ya Kubonyeza "Tuma"

Umepata kazi ya kurekodi filamu fupi. Mteja amekubali kulipa shilingi 60,000, skripti imeiva, na kamera uliyoitamani iko kwenye duka la kukodisha vifaa hapo katikati ya Nairobi. Vidole vinawasha kutuma pesa ili usipokonywe nafasi. Ngoja kidogo, tufanye hesabu pamoja.

Bei uliyoambiwa si bei utakayolipa

Tuseme unarekodi kwa siku mbili, na mko watu sita. Bei hizi ni za mfano tu; duka lako litakuwa na zake.

- Kamera na lenzi: 8,000 x siku 2 = 16,000
- Taa: 3,000 x siku 2 = 6,000
- Vifaa vya sauti: 2,500 x siku 2 = 5,000
- VAT ya asilimia 16, kama bei haikuijumuisha: 4,320
- Usafiri: 4,000
- Chakula, 400 kwa kila mtu kwa siku: 4,800
- Akiba ya dharura, kama asilimia 10: 4,000

Jumla ni 44,120. Kwenye zile 60,000 zimebaki 15,880 za kuwalipa watu sita kwa siku mbili.

Sasa fikiria mmechelewa kurudisha vifaa na duka likawatoza siku ya tatu. Hiyo ni 13,500, na ukiongeza VAT inafika 15,660. Hata mkila akiba yote, kila mmoja ataenda nyumbani na kama shilingi 700 kwa kazi ya siku mbili. Kuchelewa asubuhi moja tu kumekula jasho la kikosi kizima.

Uliza maswali haya kabla ya kulipa

*Siku inahesabiwaje?* Kuna maduka yanayohesabu saa 24 tangu uchukue vifaa, na mengine yana saa maalum ya kurudisha. Jua saa yako, kisha panga nani atarudisha na atatumia usafiri gani.

*Ndani ya bei kuna nini?* Betri za ziada, chaja, kadi na stendi huenda zinalipiwa kando. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 64 haifiki saa moja na nusu.

*Umeme utatosha?* Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Taa tatu kubwa za wati 1,000 zinaifikisha ukingoni. Taa za LED hutumia umeme kidogo zaidi, na zinaweza kukuokoa gharama ya jenereta.

*Dhamana ni ngapi, na inarudi lini?* Pesa ya dhamana hutaigusa mpaka vifaa virudi salama, kwa hivyo usiipangie chakula wala usafiri.

Usisahau leseni ya kurekodi inayotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Na kama mnarusha droni, kuna masharti ya KCAA pia.

Punguza siku, si ubora

Njia rahisi ya kuokoa pesa ni kukusanya matukio yote yanayohitaji kifaa ghali yarekodiwe siku moja. Kama lenzi fulani inahitajika kwa matukio mawili tu, usiilipie siku mbili. Fanyeni mazoezi kwa simu kwanza, ili siku ya kamera iwe siku ya kazi, si ya kujaribu jaribu.

Na omba mteja malipo ya kwanza kabla hujakodi chochote. Malipo hayo yatoshe angalau vifaa na dhamana.

Lipa kwa njia inayoacha alama

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tunashauri hivi:

1. Tenga pesa ya filamu mbali na pesa ya matumizi ya nyumbani.
2. Lipa kwa nambari ya till au Paybill ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo.
3. Ukiona kamera ya bei ya kutupa mtandaoni na mwenyewe anadai dhamana kabla hujaiona, acha. Nenda dukani kwanza.
4. Hifadhi ujumbe wa kila malipo. Piga picha vifaa ukivichukua na ukivirudisha; mkwaruzo uliokuwepo tangu mwanzo usiwe deni lako.
5. Dhamana ikirudishwa, angalia salio lako. Ujumbe peke yake hautoshi, kwani ujumbe feki upo.

Hesabu yote hii ni ya nusu saa kwenye karatasi. Ifanye na kikosi chako kikiwa hapo, kila mtu ajue malipo yake ni ngapi na vifaa vinarudi saa ngapi. Kisha sasa bonyeza "tuma".