Matunzo ya miti ya makazi Sumbawanga: kwa nini kukata kilele si tiba

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Kila mwaka mvua zinapokatika katika uwanda wa juu wa Ufipa na upepo mkavu wa kiangazi kuanza kuvuma, mlio wa shoka na msumeno husikika katika mitaa mingi ya Manispaa ya Sumbawanga. Mwenye nyumba hutazama mikaratusi, mikrismasi na migrevilea iliyopandwa na wazazi wake kando ya uzio, hukumbuka bati lililoezuliwa au tawi lililoangukia banda la kuku mwaka uliotangulia, kisha humwita kijana mwenye panga "aupunguze mti". Baada ya muda mfupi mti uliokuwa na kivuli hubaki nguzo. Mwenye nyumba hulala akiamini kuwa hatari imeondoka, ilhali mara nyingi ameiahirisha kwa miaka michache tu, na itakaporudi itakuwa kubwa kuliko ile ya awali.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali huwa hivyo, namna mwananchi anavyoweza kuutambua mti unaougua katika kiwanja chake, na ni wakati gani anapaswa kuacha panga chini na kumtafuta mtaalamu.

Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Ukiondoa msitu wa Mbizi na mabaki ya misitu ya asili, sehemu kubwa ya uwanda huu ni nyasi. Kwa sababu hiyo miti mingi inayoonekana Katandala, Kizwite, Chanji au Izia ilipandwa na watu, na imesimama peke yake au katika mstari mmoja, bila miti mingine ya kuikinga. Mti wa msituni hugawana upepo na wenzake. Mti wa uani huubeba wote. Ndiyo maana afya ya mti mmoja kando ya nyumba ni suala la usalama wa familia, mbali na uzuri wa mazingira.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba jeraha la mti haliponi kama jeraha la mtu. Mwili wa binadamu hujenga nyama mpya mahali pale pale palipoumia. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyokwisha kujeruhiwa hubaki imejeruhiwa hadi mwisho wa uhai wa mti. Kinachofanyika ni kwamba mti hujenga kuta ndani yake ili kuuzuia uozo usisambae, kisha huota mbao mpya kuzunguka na hatimaye kulifunika jeraha. Maelezo haya yalipata msingi wake wa kisayansi katika miaka ya 1970 kupitia kazi za Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, ambaye alipasua miti mingi sana kwa urefu ili kuona uozo unavyosafiri ndani ya shina. Alichokiona kilibadilisha taratibu za upogoleaji duniani: mahali pa kukata ni muhimu kuliko ukali wa kifaa.

Tazama pale tawi linapoungana na shina. Katika miti mingi utaona uvimbe mdogo unaolizunguka tawi kama ukosi wa shati. Ukosi huo ni sehemu ya shina, si ya tawi, na ndani yake mna kinga ambayo mti huitumia kuufungia uozo. Anayekata kwa kulalia shina ili paonekane laini huuondoa ukosi na kuufungulia uozo mlango. Anayeacha kisiki kirefu cha tawi naye huacha kipande kikavu ambacho mti hauwezi kukifunika, na kuvu pamoja na mchwa hukitumia kama daraja la kuingilia. Mkato sahihi hupita nje kidogo ya ukosi.

Kwa tawi zito mkato mmoja hautoshi, kwa kuwa tawi likianza kuanguka kabla halijakatika lote huchuna gome la shina hadi chini. Utaratibu unaokubalika ni mikato mitatu. Wa kwanza hupigwa kwa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye shina, na huishia robo au theluthi ya unene wa tawi. Wa pili hupigwa kwa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na ndio unaoliangusha tawi. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, nje ya ukosi. Baada ya hapo jeraha liachwe wazi. Rangi, lami na hasa oili chafu ya magari, ambayo watu wengi huipaka kwa nia njema, hazizuii uozo. Oili huua gome hai ambalo ndilo lililotarajiwa kulifunika jeraha.

Sasa turudi kwenye ile nguzo. Mti uliokatwa kilele hupoteza kwa mara moja sehemu kubwa ya majani, nayo majani ndiyo jiko lake la chakula. Ili usife njaa, huchipua kwa haraka machipukizi mengi karibu na mkato. Machipukizi hayo hayajafungamana na kiini cha mti kama tawi la asili linavyofungamana. Yameshikilia tabaka la nje tu. Wakati huohuo mkato mpana wa juu, usio na ukosi wowote, huanza kuoza kuelekea chini. Baada ya miaka mitatu au minne mwenye nyumba ana matawi mazito yaliyosimama juu ya mbao inayooza, mengi kuliko aliyoyaogopa mwanzoni. Upepo wa Julai hauhitaji nguvu nyingi kuyang'oa. Kwa mikrismasi na misindano hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa miti hiyo kwa kawaida haichipui kwenye mbao tupu iliyokomaa. Hukauka taratibu ikiwa imesimama.

Kama mti ni mrefu kupita kiasi kwa mahali ulipo, yapo mambo mawili ya kufanya kwa uaminifu: kupunguza matawi machache yaliyochaguliwa hadi kwenye tawi dogo linaloweza kushika nafasi yake, bila kuzidi robo ya majani hai kwa msimu mmoja, au kuukata wote kwa utaratibu na kupanda mwingine unaofaa. Kukata kilele si mojawapo kati ya hayo mawili.

Ukaguzi wa mti hauhitaji vifaa. Unafaa kufanywa mwezi Mei, mvua zikiwa zimeisha na upepo mkali haujaanza, na uanzie chini. Udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja wa shina, hasa kama mti umeanza kuinama hivi karibuni, ni dalili kwamba mizizi inaachia. Hapo watoto waondolewe chini ya mti siku hiyohiyo na taarifa itolewe. Uyoga mgumu wenye umbo la rafu unaojitokeza kwenye kitako cha shina huonesha uozo ulioanza ndani muda mrefu, hata kama majani juu bado ni ya kijani. Gonga shina kwa nyundo ya mpira au mchi. Mlio mtupu, kama wa debe, hueleza kilichomo. Kisha inua macho: matawi makavu, nyufa, na mahali ambapo mashina mawili yanapanda sambamba kwa umbo la herufi V huku gome likiwa limebanwa katikati. Maungio ya namna hiyo hupasuka kirahisi. Matawi makavu yanaweza kuondolewa wakati wowote wa mwaka. Matawi mabichi ni vyema yasubiri Septemba na Oktoba, karibu na mvua, ili mti uanze kufunika majeraha mapema.

Hata hivyo miti mingi ya makazi huuawa kutokea chini, na mwenyewe huwa hana habari. Wengi hudhani mizizi huenda chini kama nguzo ya umeme. Sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji na madini imo katika tabaka la juu la udongo, isiyozidi kina cha sentimita 60 hivi, na huenea kupita ukingo wa kivuli. Anayechimba msingi wa ukuta mita moja kutoka kwenye shina amekata nusu ya nanga za mti. Anayesakafia ua wote kwa saruji hadi kwenye gome ameunyima hewa na maji. Anayekusanya taka na kuzichoma kwenye kitako cha mti, desturi iliyoenea mno katika mitaa yetu, huipika tabaka hai iliyo chini ya gome. Upande ule hufa, na miaka miwili baadaye watu husema mti "umekauka wenyewe". Waya wa nguo au kamba ya mbuzi iliyofungwa kwa miaka mingi hufanya kazi hiyohiyo, polepole.

Tiba ya mizizi ni rahisi, na Ufipa ina ujuzi wake wa tangu zamani. Wakulima wa Kifipa hufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, ntumba, zioze na kuirutubisha ardhi kabla ya kupanda. Kanuni ni ileile: tandaza nyasi kavu au majani chini ya mti kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, uache nafasi ya kiganja kati ya matandazo na gome. Unyevu utadumu zaidi katika miezi ya kiangazi na udongo utalegea. Pale ambapo moto wa nyasi ni tishio, eneo linalozunguka matandazo lifyekwe.

Kuhusu wadudu, tahadhari ya kwanza ni kutonunua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Historia ya mikrismasi inafundisha. Kidukari wa miti hiyo aliingia Malawi mwaka 1986 na kufika Tanzania mwaka 1988, na uzio mwingi pamoja na mashamba ya miti ya aina hiyo yakageuka rangi ya kahawia kuanzia ndani ya matawi. Wengi walidhani ni ukame. Hatua iliyochukuliwa na wataalamu katika ukanda huu katika miaka ya 1990 ilikuwa kuleta nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari huyo, wala si kumwaga sumu kila mahali. Leo uzio wa mikrismasi unaogeuka kahawia kutokea ndani, ukiwa na utando mweusi na matone ya kunata, uoneshwe kwa afisa misitu kabla ya kung'olewa. Mchwa wanaoonekana kwenye shina la mti mkubwa, kwa upande wao, mara nyingi hula mbao iliyokwisha kufa. Kuwanyunyizia sumu bila kutafuta jeraha walilopitia ni kupoteza fedha.

Panapohitajika kiuatilifu, kiwe kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na kinunuliwe kikiwa na lebo yake. Sumu iliyogawanywa kwenye chupa za maji isitumike kwenye mti ulio karibu na kisima, jikoni au mparachichi wa watoto.

Huduma ya kibingwa ya miti ya makazi bado ni changa nchini, lakini mwananchi hajaachwa mikono mitupu. Halmashauri zina maafisa misitu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ina wataalamu wake. Taasisi ya Utafiti wa Misitu (TAFORI) hushughulikia magonjwa na wadudu wa miti. Njia fupi ni kuanzia kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa au Kata. Huko pia ndiko mwananchi ataelezwa kama mti anaotaka kuukata unahitaji kibali, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda baadhi ya aina za miti hata nje ya hifadhi, na halmashauri zina sheria ndogo zake. Mti ulio ndani ya hifadhi ya barabara si mali ya mwenye nyumba anayetazamana nao. Vivyo hivyo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji, shughuli zinasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Liko jambo moja lisilo na mjadala. Mti uliogusa au unaokaribia waya za umeme usiguswe na mtu yeyote isipokuwa TANESCO au waliotumwa nayo. Mti mbichi hupitisha umeme. Kijana anayepanda na panga kwa ujira mdogo hana kamba ya usalama, hana kofia ngumu, na aghalabu hana bima. Akianguka au kunaswa, aliyemwita ndiye atakayekuwa wa kwanza kumkimbiza hospitali na kuieleza familia yake.

Mti unapokuwa hauna budi kuondolewa, mwingine upandwe mvua zikishakolea, Desemba au Januari, hatua kadhaa kutoka kwenye kisiki cha zamani na mbali na waya. Kabla ya kuushusha mche shimoni, chana kiriba na ukitoe chote, kisha nyoosha mizizi iliyojikunja kuzunguka udongo. Mche uliopandwa na kiriba chake huota vizuri kwa miaka mingi, mizizi ikijizungusha na kujikaba yenyewe chini ya ardhi, hadi upepo wa kiangazi kimoja utakapoulaza juu ya paa.