Mnana wa Kilombero na popo wa darini: Nani yuko hatarini zaidi?

Ukivuka Daraja la Magufuli asubuhi ukitokea Ifakara kwenda Mahenge, angalia matete ya kando ya mto. Kati ya ndege wa njano wanaoning'inia humo yupo mnana wa Kilombero, dume lake lina uso mweusi hadi kooni. Hapatikani popote duniani nje ya bonde hili, na wanasayansi walimtangaza rasmi mwaka 1990 tu.

Jioni, mjini Ifakara, popo wadogo wanaokula wadudu wanachomoka kwenye mapaa ya bati. Jamii ya popo hawa, Chaerephon pumilus, imesambaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Wote wanaruka, lakini si ndugu. Mnana ana manyoya na hutaga mayai. Popo ni mnyama, anazaa na kunyonyesha, na bawa lake ni ngozi iliyotandazwa kwenye vidole virefu. Hata sauti zina kazi tofauti. Kama ilivyo kwa minana wengine, dume hufuma kiota kisha huimba huku akipigapiga mabawa, jike aje akague. Popo yeye hutoa mlio mkali, nyingi yake haisikiki na binadamu, na mwangwi ukirudi anajua mdudu yuko wapi.

Sasa nani yuko hatarini? Wengi wangesema popo, maana ndiye anayechukiwa: harufu, kinyesi darini, na stori za uchawi. Kumbe bati limempa makazi ya bure. Na ana faida: watafiti nchini Eswatini waliona popo hawa wanapenda kuwinda juu ya mashamba ya miwa, zao ambalo Kilombero nako limejaa. Ila usimshike kwa mkono mtupu, anaweza kubeba virusi.

Aliye hatarini ni mnana. Ardhi oevu ya Kilombero, karibu kilomita za mraba 8,000, ililindwa kwa Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, lakini penye matete na maji ndipo mkulima naye anapotaka mpunga. Na usimchanganye na kwelea kwelea, wale wanaovamia mashamba kwa maelfu. Mnana huyu anafuma viota kwenye matete ya mtoni, na yakichomwa kupisha shamba, hana bonde lingine la kuhamia.